Wachu Hawa?

Wewe uliye jikoni unangoja wali ukauke, wewe uliyekaa barazani na kikombe chako cha kahawa, na wewe uliye kwenye matatu ambaye dereva amekataa kubadilisha stesheni, nyote karibuni. Leo nimekuja na jambo ambalo wazee watasema ni la kitoto, na watoto watauliza, huyu naye amelijulia wapi? Nataka tuzungumze juu ya gemu. Ndiyo, gemu. Tena si ya mpira. Ni ile ya bunduki iitwayo Call of Duty, ambayo imekuwa ikitoka karibu kila mwaka tangu 2003. Kama una kijana nyumbani, basi umeisikia hata kama hujaiona: milio, milio, milio, kisha kimya, kisha kijana anapiga meza kwa hasira.

Bibi zangu, tafadhali msizime redio. Nitapita Ras Kamboni kabla sijamaliza, na huko ndiko niendako hasa.

Kwanza tuelewane gemu yenyewe ni nini, kwa faida ya wale ambao hawajaishika. Kwenye kioo humwoni mtu wako. Unaona mikono miwili na bunduki, basi. Uso wake huuoni kwa sababu uso huo ni wako wewe. Unatembea, unalenga, unafyatua. Katika matoleo mengi, ukipigwa, kioo kinatapakaa damu pembezoni. Ukijibanza nyuma ya ukuta kwa muda kidogo, damu inajifuta na umepona. Wauguzi wetu wangeshukuru sana kama risasi za kweli zingekuwa na adabu hiyo. Mengine yote yaliyomo ni ya kubadilishwa toleo kwa toleo: ni vita gani, ni nchi gani, na yule unayempiga ni nani.

Hilo la mwisho ndilo nataka ulishike. Yule unayempiga ni nani? Liweke mfukoni, tutalitoa baadaye.

Mimi niliikuta Call of Duty mwaka 2004, kwenye saiba moja ya Mombasa. Mnazikumbuka saiba? Shilingi moja kwa dakika, viti vya plastiki, pangaboi linazunguka bila kupoza kitu. Mwenye saiba alikuwa amepakia gemu hiyo kwenye mashine mbili za nyuma, na sisi nyumbani tuliaga tukisema tunakwenda kusoma barua pepe. Lilikuwa toleo la kwanza kabisa, lililotengenezwa na kampuni ya Kimarekani, Infinity Ward, na kuuzwa na nyingine, Activision. Vita vyake vilikuwa Vita vya Pili vya Dunia. Unaanza ukiwa Mmarekani, unakuwa Mwingereza, halafu unakuwa Mrusi.

Hiyo Urusi ndiyo iliyonishika. Uko kwenye chombo kilichojaa watu, mnavuka mto Volga kuingia Stalingrad. Ndege zinapiga kutoka juu, watu wanajitosa majini. Mkifika ng'ambo mnapanga foleni: huyu anapewa bunduki, anayemfuata anapewa risasi tu bila bunduki. Mimi nikapewa risasi. Nikakaa pale kwenye kiti cha plastiki, dakika zinahesabiwa, shilingi zinaisha, na mimi nimejisahau.

Kwa nini nijisahau? Kwa sababu mimi nimezaliwa Ras Kamboni, na nilitoka Ras Kamboni kwa mashua, mtoto wa miaka saba, baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka 1991 na wenye bunduki kuanza kushuka pwani kuchukua nyavu, mashine za boti, na chochote kilichobebeka. Tulivuka ule mpaka wa baharini ambao hauna ukuta wala kamba, tukaishia kambi ya Jomvu, nje kidogo ya Mombasa, pamoja na Wabajuni wenzetu wengi wa upande wa Somalia. Sisi hatukupewa bunduki wala risasi. Lakini mashua iliyojaa watu wenye hofu naijua. Naijua mpaka harufu yake. Na gemu ile, bila kunijua, ilikuwa imeipata.

Hapa nitachepuka kidogo, mnisamehe. Vita hivyo vya Pili vya Dunia vilifika kwetu pia. Tarehe 14 Februari 1941 jeshi la Waingereza liliichukua Kismayo kutoka kwa Waitaliano, na jeshi hilo lilijaa askari wa Kiafrika. Wazee waliwaita wale wa Afrika Mashariki Keya, kutokana na herufi KAR, na Keya waliamrishwa kwa Kiswahili. Sasa niambieni. Call of Duty imekwenda Ufaransa, imekwenda Urusi, imekwenda Misri na Tunisia na visiwa vya Pasifiki. Kismayo haijafika. Miaka zaidi ya 20, na fedha za kununua mji mzima, hajatokea mtu katika ofisi zao wa kusema: jamani, kuna vita vilivyopiganwa na askari walioambiwa "Lala chini!" kwa Kiswahili, hebu tuvitengeneze. Mimi ningeinunua siku ya kwanza. Tena dukani, kwa risiti, si nakala ya kuchoma.

Haya, turudi njiani. Toleo la pili likatoka 2005, la tatu 2006, vita ni vile vile. Sitakaa hapo. Mwaka ninaoutaka ni 2007, kwa sababu mwaka huo yalitokea mambo mawili, moja Januari na jingine Novemba, moja kwetu na jingine kwenye kioo, na mimi nilichukua muda mrefu kuyaweka pamoja.

Basi nishike mkono twende Ras Kamboni.

Ras Kamboni ni mwisho wa Somalia upande wa kusini. Ukipiga hatua chache uko Kenya, na kwa mashua Kiunga si mbali. Waitaliano kwenye ramani zao waliandika Chiamboni. Waingereza waliandika Dick's Head, yaani Kichwa cha Dick, kana kwamba huyo Dick alizaliwa kwetu. Sisi tulijua tu kuwa ni rasi na ni mji wa wavuvi, na kwamba ukisimama pale mwezi wa Januari ukielekea visiwa vyetu, Chovai, Chula, Koyama, kaskazi inakupiga usoni.

Na Januari hiyo ya 2007 kaskazi haikuja peke yake. Mwisho wa Desemba majeshi ya Ethiopia pamoja na serikali ya mpito ya Somalia yalikuwa yamewafukuza watu wa Muungano wa Mahakama za Kiislamu kutoka Mogadishu. Mwaka mpya ulipoingia, Kismayo nayo ikaachwa. Wapiganaji wakarudi nyuma, wakarudi nyuma tena, mpaka ardhi ikawaishia. Na ardhi inaishia wapi? Inaishia kwetu. Mbele yao Ethiopia, ubavuni mpaka wa Kenya uliofungwa, mgongoni bahari. Ras Kamboni ikapiganiwa kwa siku kadhaa na ikatekwa tarehe 12.

Kati ya siku hizo, tarehe 7, Marekani iliingiza mkono wake, na yenyewe ilikiri. Ilituma ndege iitwayo AC-130 kusini mwa Somalia, pande hizo za kwetu. Ilisema inawatafuta watu wa al-Qaeda waliohusika na mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998. Na mabomu hayo tusiyasahau, msikilizaji. Yaliua zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini mwao asubuhi ya Ijumaa. Anayetafuta haki ya watu hao simlaumu kwa kutafuta. Lakini wawili kati ya wakubwa waliotajwa hawakufa siku hiyo ya Januari. Saleh Ali Saleh Nabhan, mtu wa Mombasa, aliuawa 2009 karibu na Barawa. Fazul Abdullah Mohammed, mtu wa Ngazija, aliuawa Juni 2011 Mogadishu kwenye kizuizi cha barabarani.

Basi ni nani waliokufa katika siku zile za mabomu ya Januari? Shirika la Oxfam lilitoa taarifa mwezi huo huo. Likiwanukuu watu wake wa huko, lilisema kuwa mabomu yalikuwa yameua wafugaji wapatao 70 katika wilaya ya Afmadow. Na sikiliza hili vizuri. Lilisema wafugaji hao na mifugo yao walikuwa wamekusanyika usiku kuzunguka mioto mikubwa. Mioto ya nini? Ya kufukuza mbu.

Moto wa kufukuza mbu. Nalirudia kwa sababu ni jambo ambalo kila mmoja wetu anayenisikiliza amewahi kulifanya, kama si kwa kuni basi kwa makumbi ya nazi au kwa ile dawa ya kuzungushwa inayouzwa dukani.

Sasa ndege yenyewe. AC-130 ni ndege ya mizigo iliyotobolewa upande wa kushoto na kuwekwa mizinga. Haipiti na kwenda. Inazunguka, inazunguka, ubavu wa kushoto ukiangalia chini, na ndani yake wamekaa watu mbele ya vioo vinavyoona joto. Kilicho na joto kinang'aa. Ng'ombe anang'aa, mtu anang'aa, moto ndio kabisa.

Mjomba wangu, mvuvi, wakati huo alikuwa amehamia Kiunga. Usiku mmoja wa Januari hiyo alikuwa baharini na karabai yake, anavutia samaki kwa mwanga, kama wavuvi wetu walivyofanya tangu karabai ilipoingia pwani, akasikia sauti. Aliniambia ilikuwa kama mashine ya kusaga mahindi iliyo kijiji cha pili: haiji, haiendi, inazunguka tu. Hakuona kitu. Akafanyaje? Akazima karabai. Hakuambiwa na mtu. Akakaa gizani na mwanawe mpaka alfajiri, na hawakupata samaki.

Tuache mashua ya mjomba hapo, ikisukwasukwa gizani. Tuje Novemba ya mwaka ule ule.

Novemba 2007 lilitoka toleo la nne, Call of Duty 4: Modern Warfare. Hilo ndilo lililoifanya gemu hii iwe kubwa duniani kote, na sababu yake ni rahisi. Waliacha vita vya babu zetu wakaingia vita vya leo. Hakuna tena Mjerumani na kofia ya chuma. Kuna Mashariki ya Kati, kuna Urusi ya leo, kuna makomandoo, na kuna sehemu moja ambayo kila aliyeicheza anaikumbuka. Katika sehemu hiyo hutembei na bunduki. Unawekwa ndani ya ndege. Ndege gani? AC-130.

Unaona kioo cha rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Chini kuna kijiji cha usiku. Watu ni vidoa vyeupe vinavyokimbia. Una mizinga mitatu, mdogo, wa kati na mkubwa, na unachagua. Ukibonyeza, hupati kelele nyingi. Sauti inafika kwa kuchelewa, kwa upole, na kidoa kinatawanyika. Na wenzako ndani ya ndege wanazungumza nawe kwa utulivu kabisa, kama wahasibu wa ushirika wanaohesabu magunia. Sheria ni chache. Usipige kanisa. Na usiwapige wenzetu walio chini, ambao utawajua kwa sababu kila mmoja amevaa kitaa kinachomemeteka.

Mimi niliipata mwaka mpya ulipoingia, Januari 2008, kwa DVD ya kuchoma, na siwafichi: niliipenda. Nilikuwa kijana wa kutengeneza kompyuta, najua ugumu wa kazi ile, na niliona kazi ya mafundi. Mnakumbuka Januari hiyo Kenya ilivyokuwa? Uchaguzi umeharibika, barabara zimefungwa, watu wamejifungia. Mjomba alikuwa amekuja Mombasa kutolewa mtoto wa jicho, akakwama kwetu. Bendeji imeshatoka, jicho moja linaona vizuri kuliko lilivyoona kwa miaka kumi, na hakuna pa kwenda. Akawa anakaa nyuma yangu kwenye kitanda, na kikoi chake, anatazama ninachokitazama.

Nikafika kwenye ndege. Nikapiga vidoa viwili, vitatu, nikapiga gari. Mjomba akasogea karibu na kioo. Akauliza:

"Wachu hawa?"

Kwa asiyejua Kibajuni: kwetu mtu ni mchu, na watu ni wachu. Alikuwa anauliza kweli, si kwa kunisuta. Hakuwa na hakika kama vile vidoa ni watu au ni mbuzi.

Nikamwambia, "Ndiyo, mjomba. Ni maadui."

"Na vile vinavyowakawaka?"

"Hao ni wetu. Wamevaa taa ili wasipigwe."

Mjomba akanyamaza kitambo. Nikaendelea kupiga, maana ukisita unashindwa. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo:

"Mimi yangu niliizima."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilikuwa tayari nimemaliza ile sehemu, na kioo kilikuwa kinanipongeza.

Msikilizaji, sasa utatarajia niseme gemu hii ni haramu, ni sumu, ivunjwe. Sisemi. Hapa pengine nitawaudhi wazazi walioanza kunipenda tangu mwanzo wa kipindi. Mimi naona sehemu ile ya ndege ilisema kweli kuliko redio zilivyosema Januari iliyotangulia, na redio nasema nikiwa ndani yake. Sisi tulisema "shambulio la anga". Tukasema "washukiwa". Tukasema "kusini mwa Somalia", tukaenda kwenye michezo. Hakuna kati yetu aliyemkalisha msikilizaji kwenye kiti cha yule anayebonyeza, akamwonyesha jinsi kiti kilivyo cha starehe, jinsi kulivyo kimya, jinsi mtu anavyofanana na doa la chokaa. Gemu ilinikalisha hapo. Sidhani waliotengeneza utulivu ule wa sauti waliutengeneza kwa bahati.

Lakini ilidanganya mahali pamoja, na ni pale pale alipopagusa mjomba. Ni zile taa. Katika gemu, asiyestahili kufa amewekewa alama, na alama inaonekana toka juu, na ukimpiga unaambiwa umekosea, unarudia mwanzo. Mwanga ni ulinzi. Kwa mfugaji wa Afmadow mwanga ulikuwa ni wa mbu. Kwa mvuvi wa Kiunga mwanga ni riziki. Hakuna aliyewagawia kitaa cha kumemeteka, na hakuna pa kurudia mwanzo.

Baada ya hapo matoleo yakafuatana kama mabasi. 2008 walirudi Vita vya Pili vya Dunia, 2009 wakaja na uwanja wa ndege wa Moscow ambapo mchezaji anatembea na magaidi katikati ya abiria, ikazua makelele dunia nzima, 2010 vita baridi. Nayapita. Nasimama 2011.

Oktoba 2011 jeshi la Kenya lilivuka mpaka kuingia Somalia, operesheni ikiitwa Linda Nchi. Kwenye habari jina la kwetu likawa halikosekani, lakini sasa lilikuwa na maana nyingine, kwa sababu kulikuwa na kikosi kilichojiita Ras Kamboni, cha Ahmed Madobe, yule ambaye baadaye, 2013, akawa rais wa Jubaland. Mtangazaji akisema "Ras Kamboni imesonga mbele", mama yangu alikuwa akicheka. Mji umesongaje mbele, anauliza, umeota miguu?

Wiki chache tu baadaye, Novemba 8, ikatoka Modern Warfare 3. Na ndani yake kuna nini? Kuna Somalia. Kuna Bosaso, bandari ya kaskazini, na mbabe wa vita anayeitwa Waraabe. Waraabe kwa Kisomali ni fisi. Nimeicheza sehemu hiyo mara mbili. Kuna vumbi, kuna mabati, kuna vijana wenye bunduki wanaokuja mbio na kuanguka, halafu inaingia tufani ya mchanga na huoni tena hata hao. Sikumbuki kumwona mtu anayeuza chai. Sikumbuki kumwona mtu anayeshona wavu. Bosaso ni mji wa watu wanaopakia mbuzi kwenye majahazi kwenda Uarabuni, lakini mbuzi huyo wa kupakiwa sikumwona. Mwaka uliofuata gemu nyingine, Medal of Honor: Warfighter, ikaja pwani ya Somalia pia. Safari hii ni maharamia. Na ile ya zamani zaidi, Delta Force: Black Hawk Down ya 2003, iliyojengwa juu ya vita vya Mogadishu vya Oktoba 1993, imefufuliwa upya Februari 2025 kwa mitambo ya kisasa. Filamu yenye jina hilo, ya 2001, ilipigwa Morocco, na katika waigizaji wake wakubwa hamkuwa na Msomali. Mnaona mambo? Mtu anaweza kuzunguka Somalia nzima kwa bunduki ya kioo, tangu Mogadishu hadi Bosaso, asikutane na mtu mmoja anayefanya kazi yake.

Nina kisa kimoja cha mahakamani nataka kuwapa, kisha tusogee. Mwaka 2012 Call of Duty: Black Ops II ilimweka ndani yake Jonas Savimbi wa Angola, yule kiongozi wa UNITA, kwa jina lake na sura yake, anapiga kelele na kurusha makombora. Savimbi aliuawa 2002. Lakini aliacha watoto. Mwaka 2016 watatu kati yao walikwenda mahakamani Ufaransa wakasema: baba yetu ameonyeshwa kama mtu mkatili asiye na akili. Walitaka fidia ya yuro milioni moja. Walishindwa kesi. Mimi Savimbi simtetei, Waangola wanajua walichokiona. Ninachokitazama ni kwamba alikuwa na jina, na jina likampa mtu wa kulisimamia hata baada ya kufa. Sasa vile vidoa nilivyovipiga mimi Januari ile, nani angekwenda mahakamani kwa ajili yao? Angejaza jina gani kwenye fomu?

Tuje leo, maana saa yangu hapa ukutani inakimbia.

Tarehe 1 Oktoba 2019 Call of Duty ikatoka kwa simu, bure. Hilo ndilo lililoifikisha kila mahali. Huhitaji kompyuta, huhitaji saiba, unahitaji simu na bando. Mwaka 2023 Microsoft ikainunua kampuni nzima ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, na wakubwa wakajadili mambo yao ya kikubwa. Sisi huku tulichokiona ni watoto wamekaa chini ya mwarobaini, vichwa vimeinama, vidole gumba vinakwenda.

Na katika hiyo ya simu kuna kitu ambacho katika zile za mwanzo kwenye saiba hatukuwa nacho. Kuna sauti. Mnacheza na watu wa mbali na mnasikiana. Nilikuwa Kiunga mwaka jana, nimekaa na mpwa wangu, yeye anacheza, mimi nasikiliza. Mara kwenye simu mtu anamwambia mwenzake kwa haraka: "Mchu nyuma yako! Mchu nyuma yako!" Mchu! Nikaruka. Nikamwambia mpwa, huyo ni nani? Akasema, huyo ni mwana wa jamaa zetu, yuko Uingereza, kazaliwa huko huko. Kijana aliyezaliwa Uingereza, ambaye hajaiona Chula wala Koyama, anasema mchu kama bibi yake, na anaisema ndani ya gemu. Niliwahi kudhani neno hilo litafia mikononi mwetu.

Mjomba naye alikuwapo. Sasa ni mzee, haendi tena baharini. Karabai yake imening'inia ukutani. Kutumika haitumiki tangu miaka ile serikali ilipozuia uvuvi wa usiku Lamu kwa ajili ya usalama. Marufuku ilipokuja kulegezwa, magoti yake yalikuwa hayataki tena mashua. Akasogea karibu na mpwa wangu kama alivyosogea karibu nami 2008. Nikajua anachotaka kuuliza. Lakini hakuuliza hicho. Aliuliza, "Humo ndani mna bahari?"

Mpwa akasema iko, babu, kuna kisiwa kizima. Akamtembeza askari wake akaacha wenzake wanapigana, akateremka mpaka ufukweni, akasimama. Maji yanang'aa, yanakuja, yanarudi. Mjomba akaishika simu mwenyewe, akaiweka mbali kidogo na lile jicho lake zima, akatazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama bahari ya kweli kabla hajamruhusu mtu kushua chombo.

"Sasa hii," akasema, "ni kaskazi au kusi?"

Mpwa akanitazama, mimi nikamtazama. Kabla hatujapata la kumjibu, askari wetu akapigwa risasi ya mgongo, akaanguka kifudifudi kwenye maji.

"Ndiyo faida ya kusimama ufukweni huna habari ya upepo," mjomba akasema, akamrudishia mtoto simu yake.